Chungu Hakina Hatia

Katika kila lugha yamo maneno yaliyopandishwa cheo pasipo stahili, na yamo mengine yaliyoshushwa pasipo kosa. Neno pombe ni moja katika hayo ya pili. Mtu akinywa bia husemwa kuwa anajiburudisha; akinywa pombe husemwa kuwa analewa, hata kama hajamaliza kata moja. Mwenye kiwanda huitwa mwekezaji, hualikwa karamuni na kupewa kiti cha mbele. Mwenye chungu huitwa mpika pombe, na jina hilo hutamkwa kwa namna ambayo hutamkwa jina la mwizi. Kinywaji chenyewe ni kile kile: nafaka au tunda, maji na chachu. Nimekusudia kuonyesha katika makala haya kwamba ubaguzi huu hauna msingi katika elimu wala katika haki, na kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili tunalo fungu letu la lawama.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alileta mbele ya kikao pendekezo la tasnifu juu ya msamiati wa upishi wa pombe za nyumbani. Alikuwa amekwisha kusanya maneno mengi kutoka vinywani mwa wanawake wazee: majina ya vyombo, ya hatua za kazi, ya ladha, ya makosa na ya tiba ya makosa hayo. Kikao kilicheka. Mwenzetu mmoja, mtu wa elimu nyingi ambaye sitamtaja wala sitataja chuo chake, alisema kwamba chuo kikuu si kilabu cha pombe, na kwamba fedha ya umma haitolewi ili kuhifadhi maneno ya walevi. Mwanafunzi akarudishwa kutafuta mada yenye heshima. Haukupita mwaka, mwenzetu yule yule alirejea kutoka safari ya Marekani, akatusimulia wakati wa chai juu ya mwenyeji wake, profesa kama yeye, ambaye kila Jumamosi hupika bia katika banda la gari lake kwa kujifurahisha. Alitueleza habari za mapipa, za mizani na za kipimajoto. Alisifu ladha. "Mtu yule ni fundi hasa," alisema, na wote waliokuwapo wakaitikia.

Sikusema neno siku ile ya chai, na sikusema neno siku ile ya kikao. Kunyamaza kwangu ndiko kunakonisukuma kuandika leo, kwa kuwa mimi nimesomeshwa na chungu. Bibi yangu, mama yake baba, alipika mbege katika miteremko ya Kilimanjaro, na ada yangu ya shule ya sekondari ilitoka katika mbege hiyo. Nilipocheka pamoja na kikao, japo kwa midomo tu, nilimcheka aliyenilipia kalamu.

Na tuitazame kwanza kazi yenyewe, maana wengi huidharau kwa sababu hawajaiona. Mbege haipikwi kwa siku moja wala kwa mikono mivivu. Ndizi mbivu humenywa, zikachemshwa kwa maji kwa saa nyingi hata zibadilike rangi, kisha huachwa siku kadhaa zichache. Wakati huo huo ulezi hulowekwa na kufunikwa uote, na punje zikishatoa vichipukizi huanikwa juani na kusagwa. Unga wa kimea hicho hupikwa uji, ukatiwa gome la msesewa ili upate uchungu wake. Uji sharti upoe kabla ya kuchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, kwani uji wa moto huua chachu. Lakini usipoe kupita kiasi, kwani baridi huilaza. Bibi yangu hakuwa na kipimajoto. Alichovya kidole, akahesabu kimoyomoyo, akatoa hukumu, na sikumbuki hukumu yake kutanguka. Baada ya usiku mmoja kinywaji kiko tayari, na siku zikizidi kinageuka siki.

Hii ni elimu. Mwanakemia atasema kwamba punje inapoota huzaa vimeng'enya, ambavyo huugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari; kisha chachu huila sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni, ambayo ndiyo povu. Maneno haya hakuyajua bibi yangu, lakini alijua kila tendo linalotajwa na maneno haya, na mpangilio wake, na wakati wake. Wala hakuwa peke yake. Magharibi ya Kenya wapishi wa busaa huuacha unga wa mahindi uliokandwa uchache, wakaukaanga juu ya bati, ndipo wakauchanganya na maji na kimea cha wimbi. Iringa na Njombe watu huyakata machipukizi ya mianzi wakati wa mvua wakakinga utomvu wake, ambao asubuhi ni ulanzi mtamu wa kumpa mtoto na kesho yake ni ulanzi wa kumpeleka mzee nyumbani kwa mkongojo. Kagera kuna rubisi ya ndizi na mtama. Kwa Wakikuyu kuna muratina, ambayo huchachuliwa kwa tunda la mwegea. Kila kimoja katika vinywaji hivi ni jibu ambalo watu wa mahali fulani walilipata kwa kuiuliza ardhi yao swali moja: kutokana na kile kiotacho hapa, twaweza kumkaribisha mgeni kwa nini?

Sasa na tulinganishe. Uingereza, mtu aliyetaka kupika bia nyumbani kwake alidaiwa leseni tangu mwaka 1880, mpaka waziri wa fedha Reginald Maudling alipoifuta mwaka 1963. Marekani, marufuku ya vileo ilipoondolewa mwaka 1933, ruhusa ya kutengeneza divai nyumbani ilitolewa, lakini bia ikasahauliwa. Ikabidi kungoja mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika galoni 200 kwa mwaka bila kodi, mradi wasiuze. Majimbo ya Alabama na Mississippi yalichelewa hata mwaka 2013. Katika mwaka ule ule wa 1978 Charlie Papazian na wenzake waliunda chama cha wapishi wa bia wa nyumbani huko Colorado. Baadhi ya watu walioanza kwa ndoo jikoni wakaja kuwa wenye viwanda mashuhuri. Na mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu.

Siyataji haya ili niwaonee kijicho watu wa mbali. Nayataja kwa sababu yanathibitisha kwamba kazi ile ile ikifanywa na mwenye nafasi huitwa sanaa, urithi na mapumziko ya akili, na ikifanywa na mhitaji huitwa uhalifu. Lugha yetu yenyewe imekamatwa katika mtego huu. Tunalo neno uraibu, ambalo kwa maana moja ni shughuli apendayo mtu kuifanya kwa kujifurahisha, na kwa maana nyingine ni utumwa wa kilevi. Bia ya profesa wa Marekani tumeipa maana ya kwanza. Mbege ya bibi tumeipa maana ya pili, na hatukumwuliza yeye hupika kwa nini. Laiti tungalimwuliza, angalijibu kwamba alipika kwa ajili ya ada, ni kweli. Lakini pia alipika kwa sababu aliipenda kazi hiyo, akaona fahari majirani waliposema kwamba mbege yake haina mfano. Ni nani aliyetuambia kwamba maskini hana mapenzi ya ufundi?

Dharau hii ina asili yake, na yafaa tuikumbuke. Watawala wa kikoloni, kusini mwa Afrika na katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki, waligundua mapema kwamba chungu cha mwanamke kilikuwa mshindani wa hazina yao. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Durban, ambako kwa sheria ya Natal ya mwaka 1908 halmashauri ya mji ilijitwalia haki ya peke yake ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe, na faida ikatumika kulipia gharama za kuwatawala wanywaji wenyewe. Mwanamke aliyepika nyumbani akawa mhalifu kwa sababu alipunguza mapato. Mwezi Juni mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, katika mji huo huo, walichoka na kumwagiwa pombe zao na askari; wakavamia vilabu vya halmashauri na kuwafukuza waume zao waliokuwa wakinywa humo. Wanawake wale hawakupigania ulevi. Walipigania senti iliyokuwa ikitoka mkononi mwao na kuingia katika mfuko wa wale waliowadharau.

Wakoloni wamekwenda, lakini hesabu yao imebaki. Kenya, mwaka 2004, bia ya Senator ya kiwandani ilitolewa kwa bei ndogo ikapewa nafuu ya kodi, kwa hoja kwamba wanywaji maskini waepushwe na pombe za hatari. Hoja hiyo huenda ilikuwa njema. Walakini tazama mwelekeo wake: kiwanda kilipopewa nafuu ya kodi, mjane alipewa askari. Najua kwamba sheria zetu hazikatazi kila chungu. Tanzania, sheria ya vileo ya mwaka 1968 inazo nafasi za leseni kwa pombe za kienyeji. Kenya, sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka 1980. Lakini ruhusa yenye masharti ya ufungaji na mitambo ambayo tajiri peke yake aweza kuyatimiza ni mlango uliofunguliwa juu ya ukuta usio na ngazi.

Nimewasikia wapinzani wa neno langu, nami nitawajibu mmoja mmoja, kwa kuwa hoja zao si za kubezwa.

Wa kwanza husema: pombe ya nyumbani huua. Hutaja maafa ya Nairobi ya Novemba 2000, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa, na yale ya Kirinyaga ya Februari 2024. Misiba hiyo ni ya kweli, na nani asiyeihuzunikia? Lakini kilichowaua watu wale ni methanoli, spiriti ya kazi za viwandani, iliyoingizwa katika vinywaji vikali na watu wenye tamaa. Haikuzaliwa katika chungu cha ulezi. Kiswahili kinatenganisha vizuri kabisa kuchachua na kukeneka: mbege, busaa na komoni huchachuliwa, gongo na chang'aa hukenekwa kwa moto na mvuke. Sisi tumeyatupa maneno hayo mawili, tukavifunga vinywaji vyote katika mfuko mmoja wa "pombe za kienyeji," na muuza sumu alipokamatwa tukamkamata na bibi. Samaki mmoja akioza huoza wote, wasema wahenga. Lakini wahenga walisema juu ya samaki waliomo katika tenga moja. Hawa sisi ndio tuliowatia katika tenga moja.

Haki inanidai niongeze jambo lisilonisaidia. Mwezi Januari mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa nyumbani na kunywewa msibani. Pombe hiyo ilikuwa imechachuliwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umekwisha haribika na kuingiwa na vijidudu vilivyotengeneza sumu. Nafaka iliyoota ukungu nayo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo kuchachua hakuiondoi. Haya yote nayakubali. Lakini yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba mpishi anahitaji kujua unga gani autupe. Na ujuzi huo utamfikiaje mtu ambaye akimwona mgeni mwenye karatasi mkononi hukimbilia mgombani kuficha vyombo? Anayefukuzwa hafundishiki. Mpishi wa nyumbani wa Colorado ana vitabu, ana chama, ana wenzake wa kumsahihisha. Wa kwetu ana giza, na giza hilo tumemtengenezea sisi.

Wa pili husema: pombe huvunja nyumba. Kweli, huvunja. Nimeona wanaume waliokunywa mshahara wa mwezi kwa usiku mmoja, na watoto waliolala na njaa. Sitaandika neno hata moja la kuwatetea. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo ambacho chaweza kuitwa salama kwa afya, na anayeacha kabisa amefanya busara. Lakini onyo hilo halikuandikwa kwa ajili ya chungu peke yake. Vileo vikali vilivyofungwa katika mifuko midogo ya plastiki, vile tulivyoviita viroba, vilitoka viwandani vikiwa na nembo na vibali vyote. Vikaenea mpaka milangoni mwa shule, hata serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Sikusikia mtu akisema siku ile kwamba viwanda vyote vya vileo ni vya uhalifu. Kiwanda kilihukumiwa kwa kosa lake. Chungu huhukumiwa kwa ukoo wake.

Wa tatu ni mtu wa dini, naye namheshimu kuliko wote. Mwislamu aliyejiharimishia kila kilevi, na Mkristo aliyeapa kutoonja, hawana ubaguzi: kwao chupa na kibuyu ni mamoja. Siandiki ili kuwashawishi. Ninayebishana naye ni yule anayeweka chupa mezani sebuleni kwake, kisha akapiga simu mgambo waje kumwaga ndoo ya jirani. Na kwa yule atakayeniambia kwamba Kiswahili ni lugha safi ya pwani isiyo na nafasi ya mambo haya, namkumbusha mgema. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: methali hii twaifundisha watoto shuleni kila mwaka. Waliotuachia lugha hii waliijua kazi ya mgema, wakaiangalia kwa makini kiasi cha kuiona hila yake, na wakaichukua iwe kipimo cha tabia za watu wote. Hawakuona kwamba kulitaja tembo ni kulinywa. Sisi wasomi tumekuwa waoga kuliko wazee wetu.

Nataka nini basi? Sitaki kila nyumba iwe kilabu. Nataka mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, nataka maneno yetu yaseme kweli. Tuiite pombe ya kuchachuliwa kwa jina lake na ya kukenekwa kwa jina lake, katika magazeti, mahakamani na madarasani, ili askari, hakimu na mwananchi wasichanganye mpishi na muuza sumu. Kamusi zetu zikusanye maneno ya kazi hii kama zinavyokusanya ya uvuvi na ya useremala, kwa maana wanaoyajua wanazidi kuzeeka. Pili, nataka mtu anayepika kwa matumizi ya nyumba yake na wageni wake aachwe kwa amani, na anayepika kwa kuuza apewe leseni ambayo mtu wa kipato chake aweza kuilipa, pamoja na mafunzo ya usafi, ya kuchagua nafaka na ya kuepuka sumukuvu. Yule anayetia spiriti ya viwandani katika kinywaji cha watu afuatwe kwa ukali wote wa sheria; tena atakamatwa upesi zaidi, maana wapishi wema watakuwa wa kwanza kumtaja. Tatu, nataka vyuo vikuu vifungue milango. Kazi ambayo ndani yake mna kemia, mna kilimo, mna historia ya wanawake na mna lugha, si mada ya kuchekwa.

Nimemtafuta mwanafunzi yule. Anafundisha shule mbali na mji, na nilipomwuliza juu ya maneno aliyokuwa ameyakusanya, alisema daftari analo bado, lakini kwamba baadhi ya wanawake waliompa maneno hayo wamekwisha kufa. Nimemwomba alete pendekezo lake tena, na safari hii kikao kitakapocheka, sitakuwa miongoni mwa wanaocheka. Nitasimama niseme mbele ya wote ada yangu ilitoka wapi.

Bibi yangu alizikwa mgombani karibu na jiko lake. Siku ya arobaini majirani walipika mbege, wakamimina kidogo chini kwa ajili yake kabla ya kunywa. Mimi sinywi, nilishika kata kwa mikono miwili, nikaipeleka kwa aliyenifuatia. Niliona aibu siku ile kwa sababu isiyokuwa ya kilevi. Mikono ile iliyokuwa imezoea kalamu haikujua hata jina la chombo ilichokishika kwa lugha ya aliyekichonga.